Mgeni Kooni mwa Kozi

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado wanaamkiana asubuhi na kuombana chumvi jioni, alikuwako Kozi. Nani hamjui kozi? Wewe unayetikisa kichwa, hujui, basi tulia nikuambie. Kozi ni ndege mla nyama. Kucha zake kali kama sindano za kushonea magunia, jicho la njano, na kiburi ambacho hakipungui hata akilala.

Kozi huyu alikaa juu ya mvule mrefu na mkewe, Bi Shungi, na watoto watatu wachanga, miili yao ina manyoya ya pamba tu. Na msicheke nikiwaambia Bi Shungi alimzidi mumewe kwa umbo. Kwa makozi ndivyo ilivyo: mke ndiye pandikizi la ndege, mume ndiye mwembamba. Wenyewe hawaoni ajabu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kwenu firigisi ni ya baba, sivyo? Mtoto akiigusa anapata kofi. Basi kwa akina Kozi, haki ya baba ilikuwa kifuko cha koo. Njiwa akiletwa nyumbani, kabla nyama haijachanwa, Baba alipasua koo la njiwa, akatoa kile kifuko ambacho njiwa huwekea chakula alichookota, kimejaa mtama uliolainika, bado kina joto, akakimeza kizimakizima mbele ya watu wote. Kisha ndipo akachana minofu na kuwatia watoto mdomoni kwa mdomo wake ule ule. Bi Shungi alikula mwisho. Ndivyo alivyofanya babu, na babu wa babu naye ndivyo alivyofanya.

"Aah!" Kozi alikuwa akisema kila akimaliza kumeza. "Hiki ndicho kinachonipa nguvu mimi."

Maskini ya Mungu, alikuwa hajui asemalo.

Asubuhi moja Kozi aliamka koo linamkereketa. Krr! Akakohoa. Krr, krr! Akanywa maji, yakapita kwa taabu. Bi Shungi akamletea paja la panya, laini, la mtoto wa panya hasa. Kozi akalitia mdomoni, akalisukuma kwa ulimi, akanyoosha shingo, akafumba macho, akakaza miguu mpaka tawi likalia. Paja likarudi. Likaanguka chini, po!

"Baba Ukucha, vipi?" akauliza Bi Shungi. Ukucha ndiye mtoto wao wa kwanza, ndiyo maana akamwita hivyo.

"Mfupa," akasema Kozi. "Umenikwama mfupa."

"Mfupa gani? Juzi ulikula njiwa, jana ukala njiwa, na hukulalamika."

"Basi ni hii nyama yako. Imechacha."

"Panya aliyekuwa anakimbia sasa hivi! Amechacha lini?"

Kozi akalitazama lile paja pale chini kama limemtukana.

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akaruka mpaka kwa jirani yake Mwewe, akatua kwa kishindo bila hata kupiga hodi.

"Wewe Mwewe! Umenionea kijicho!"

"Mimi?" Mwewe alikuwa anatafuna nzige, mguu wa nzige umening'inia mdomoni. "Mimi nala nzige na mabaki ya watu. Wewe una mke mkubwa kama nyumba na watoto watatu. Ningekuwa na kijicho, ungekuwa umekufa zamani."

"Kwa hiyo si wewe?"

"Si mimi, bwana. Nenda nyumbani ukalale."

Kozi akarudi nyumbani hana wa kumkasirikia, na hilo lilimchanganya kuliko njaa yenyewe. Maana yeye alivyozoea, shida ina shingo. Unaiona, unaishukia, unaibana shingo, imekwisha. Sasa hii shingo yake iko wapi? Shingo pekee aliyoiona inahusika ni yake mwenyewe.

Siku ya tano Bi Shungi akachoka. "Hebu panua mdomo."

"Sipanui. Mimi si mtoto."

"Panua!"

Kozi akapanua. Mkubwa akisema panua, unapanua. Bi Shungi akainama, akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kisha akaruka nyuma akaziba pua.

"Mama yangu we!"

"Nini? Umeona nini?"

"Kitu. Kimekaa kooni. Cha njano, kigumu, kama ukoko wa ugali uliolala sufuriani siku mbili. Na kinanuka, Baba Ukucha, kinanuka!"

"Kina macho?"

"Hakina."

"Kina miguu?"

"Hakina miguu."

"Basi kimeingiaje?"

"Sasa mimi nikamuulize nani?"

Wakatazamana. Na pale pale, kwenye kitanda cha vijiti, Ukucha aliyepewa kipande cha nyama na mama yake akanyoosha kishingo chake, akafumba macho, akakaza vijiguu. Kipande kikarudi. Akasema, sauti ndogo kabisa, "Krr."

Kozi aliogopa. Tangu atoke kwenye yai hakuwahi kuogopa, kwa hiyo hata hakuijua hofu ilipomjia. Alidhani ni baridi.

"Nakwenda kuwinda," akasema.

"Utawinda nini, na humezi?"

"Njiwa. Kifuko cha koo ni laini, kitateleza kama uji, kitakisukuma hicho kitu kiende zake. Nikipona mimi, nampa na mtoto."

Mnaona? Akili ya mgonjwa hiyo. Moto umeshika nyumba, yeye anakwenda kutafuta kuni.

Chini kule, karibu na bwawa, palikuwa na kichaka cha miiba, na ndani yake aliishi Pugi. Pugi ni njiwa mdogo kuliko njiwa wote mnaowajua, mwenye madoa ya kijani yanayong'aa mbawani kama vifungo vya koti la sherehe. Alikuwa na vitoto viwili kiotani, ndiyo sababu wenzake walimwita Mama Pacha. Asubuhi ile alitoka kuokota punje mbili tatu, akainua kichwa, na jua likafunikwa.

Paa! Kozi huyo. Vumbi likatimka, Pugi yuko chini chali, kucha nne zimemzunguka, kifua cha Kozi kimemlalia.

Wengine hapo wangepiga kelele. Pugi aliwaza vile vitoto viwili, na njaa yao. Lakini Kozi alipopanua mdomo amchane, ile harufu ikamfikia Pugi usoni. Akaona na rangi ya njano. Pugi akaijua. Bibi yake aliwahi kumsimulia.

"Shikamoo, Bwana Kozi," akasema.

"Marahaba," akajibu Kozi. Alilelewa vizuri, likamtoka kabla hajawaza. Kisha akakasirika. "Usinisalimie! Nakula wewe!"

"Kula, Bwana, nani akukataze? Lakini mbona huyo mgeni wako umemwacha mlangoni siku zote hizi?"

"Mgeni gani?"

"Huyo wa kooni."

Kozi akafunga mdomo haraka, ta! Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Nani amekwambia nina mgeni kooni?"

"Yeye mwenyewe. Si huyo anaongea?"

"Simsikii mimi."

"Basi nyamaza kidogo, Bwana Kozi, umsikie."

Kozi akanyamaza. Na pakawa kimya, hata upepo hakuna. Kisha, hapo hapo kifuani pake, kukatoka sauti nzito, ya chini, ya huzuni: "Puu... puu... pu... pu-pu-pu-pu-pu."

Kozi nusura aruke aiache ngozi yake pale. Akamtazama Pugi. Mdomo wa Pugi umefungwa kabisa.

Sasa nyie nawaambia, msimwambie Kozi. Njiwa akilia hafungui mdomo. Hebu na nyie fungeni midomo mseme mmm. Mmeona? Basi hivyo hivyo. Anavimbisha koo na sauti inatokea ndani kwa ndani. Kozi amekula njiwa wasio na idadi, lakini hajapata kukaa na hata mmoja akamsikiliza analia. Anayekula hasikilizi. Na kwa kuwa alimlalia Pugi kifua kwa kifua, ule mtetemo aliusikia mwilini mwake mwenyewe, ndani ya mbavu zake.

"Anasema nini?" Kozi akanong'ona.

"Wewe huelewi? Ni lugha ya kwetu."

"Kwa nini mgeni wangu anaongea lugha ya kwenu?"

"Kwa sababu katoka kwetu, Bwana. Ni mdogo, mdogo hata vumbi ni mlima kwake. Anakaa kwenye kile kifuko chetu cha koo. Na wewe mwenyewe ndiye uliyemkaribisha, tena kwa heshima, mbele ya mke na watoto."

Kozi akajaribu kumeza mate, yakamkwama. Kifuko cha koo! Haki ya baba! Kichwa chake kikaanza kuzunguka. Huyu njiwa amejuaje ya nyumbani kwake? Au anabahatisha? Au huyo mgeni ndiye aliyemwambia? Na kama mgeni anasema siri za nyumbani, basi kweli yumo!

"Mwambie atoke," akasema.

Pugi akafunga mdomo. "Puu... pu-pu-pu."

"Anasemaje?"

"Anasema ataondokaje na ndugu zake ndiyo kwanza wanakuja? Kila njiwa unayemmeza anamletea ukoo mzima. Leo alikuwa anamngoja shangazi yake."

"Shangazi yake yuko wapi?"

"Kwangu humu," akasema Pugi, akajigusa koo kwa ncha ya bawa. "Yuko tayari kabisa, kafunga mizigo. Nimeze tu."

Kozi akaondoa mdomo wake mbali na Pugi kama aliyechungulia chungu akakuta nyoka. Kisha akajitia ukali. "Unanidanganya! Nyie njiwa waongo!"

"Labda," akasema Pugi. "Nikuulize kitu kimoja tu. Watoto wako unawalisha kwa mdomo upi?"

"Kwa mdomo wangu. Nina mdomo mwingine?"

"Na wote wanameza vizuri?"

Kozi alimwona Ukucha moyoni, na kile kishingo chake. Huyu njiwa hakuwa na namna ya kuliona jambo lile, kichaka kiko chini na mvule uko juu, na Ukucha ameanza kukohoa leo hii. Kucha za Kozi zikalegea kidogo, bila yeye kutaka.

"Mama Pacha," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza, "mwulize anataka nini. Anachotaka nitampa. Lakini mtoto wangu amwache."

Na hapo Pugi mwenyewe akashtuka. Alianza na uongo mdogo wa kuokoa roho yake, sasa yuko mbele ya baba anayelia. Akasita. Kisha akavimbisha koo, akalia taratibu, akatafsiri.

"Anasema shubiri. Majani yake yako pale mawe yalipo, vunja, dondosha maji yake asubuhi na jioni, kooni mwako na mwa mtoto. Hapendi uchungu, atahama. La pili, usimlishe mtoto yeyote kwa mdomo wako, mwachie mama yao. La tatu, njiwa msile. Hata mmoja. Ukimleta njiwa nyumbani, na yeye amerudi."

"Mpaka lini?"

"Puu," akalia Pugi. "Hajasema lini."

Kozi akainua mguu. Pugi akaruka, prrr, vumbi tupu likabaki. Kozi akabaki anaitazama kucha yake iliyo wazi. Hakujua ameokolewa au ameibiwa.

Nyumbani Bi Shungi alisikiliza habari yote mdomo wazi.

"Ukamwachia?"

"Nikamwachia."

"Mgeni anaongea kooni mwako, mimi nimelala na wewe kitanda kimoja siku zote hizi, sijamsikia hata akikoroma?"

"Labda alikuwa anakuonea haya."

Bi Shungi alitaka kucheka, akamtazama Ukucha, kicheko kikakauka. Akashuka mwenyewe mpaka kwenye mawe kuvunja shubiri.

Enhe, shubiri mnaijua? Mama akitaka mtoto aache ziwa anaipaka. Kozi alipodondoshewa tone la kwanza alipiga mbawa zote mbili mpaka kitanda kikapoteza vijiti kumi. "Kwiii! Unaniua!" Na Ukucha naye, "Chwii!" Asubuhi tone, jioni tone. Bi Shungi akawinda yeye sasa. Akaleta mijusi, panzi, kumbikumbi, akawasaga laini, akawalisha watoto wawili wazima kwanza, kisha Ukucha peke yake, kisha mume. Kifuko cha koo hakikuonekana mle ndani.

Siku ya saba ya shubiri Kozi alikohoa. Krr! Akakohoa tena. Krr, kho! Kho! Pwaa! Kitu cha njano kikatoka, kikaanguka chini kwenye majani, hakina macho, hakina miguu, kimelala tu. Kozi akameza mate. Yakapita. Akameza panzi mzima. Akapita!

Ukucha alikawia. Siku ya nane kimya. Siku ya tisa alikuwa hawezi kuinua kichwa, na Kozi alikaa kando yake kutwa, akimfunika kwa bawa. Siku ya kumi yule mtoto akakohoa, akatema, akapanua mdomo mkubwa kuliko kichwa akapiga kelele, "Njaa! Njaa! Njaa!" Na wale ndege wawili wakali, wanaoogopwa kuanzia bwawani mpaka mlimani, wakalia machozi kwa sababu mtoto wao ana njaa.

Mngedhani imeishia hapo. Kaeni chini.

Siku moja Bi Shungi alikwenda bwawani kuoga. Amekaa kimya kwenye kivuli, maji yamemfika kifuani, mara kwenye tawi la mbele akatua Pugi, asimwone. Pugi akapanga manyoya yake, akafunga mdomo, akavimbisha koo. "Puu... puu... pu... pu-pu-pu-pu-pu."

Bi Shungi akatoka majini, chubwi, akaruka akiwa bado anadondosha maji.

"Baba Ukucha! Baba Ukucha! Yule mgeni wako anaongeaje? Puu puu pu-pu-pu?"

"Hivyo hivyo! Umemsikia? Amerudi?" Kozi akashika koo lake.

"Amerudi wapi! Ni Pugi! Analia na mdomo kafunga! Amekufanya mjinga, mume wangu, amekulilia chini ya kidevu chako mwenyewe!"

Aibu ikampanda Kozi toka kwenye kucha mpaka utosini. Yeye, Kozi! Kwa njiwa! Na Mwewe akisikia?

"Kwa hiyo hakukuwa na mgeni," akasema.

"Hakukuwa."

"Lakini nilikitema. Ulikiona."

"Nilikiona," akakubali Bi Shungi.

"Kwa hiyo alikuwako."

"Haongei, lakini... alikuwako. Au si mgeni, ni kitu tu."

"Kimetoka wapi? Kwa njiwa?"

"Pugi ndiye aliyesema kwa njiwa. Na Pugi mwongo."

"Lakini ndiye aliyesema shubiri, na shubiri imetuponya."

"Labda ungepona tu hata bila shubiri."

"Labda panzi ndio walioniponya."

"Labda."

Wakabishana mpaka jua likazama, na kadiri walivyobishana ndivyo walivyozidi kutojua.

Kiangazi kikakaza. Panzi wakaisha. Mijusi wakajificha ndani ya nyufa. Watoto wa Kozi wakaota manyoya halisi, wakawa wakubwa, na njaa zao zikawa kubwa kuliko wao. Na bwawani, kwa kuwa ndiyo maji pekee yaliyobaki, njiwa walijaa kila asubuhi, wanene, mamia, wanatembea kwa maringo. Ukucha akauliza, "Baba, sisi kwa nini tunalala njaa na nyama zile pale?" Kozi aliona mbavu za wale watoto zimeanza kuhesabika, akajua hawatafika mvua.

Basi akaruka. Akawapita njiwa wote wanene, maana alimtaka mmoja tu. Paa! Akambeba Pugi mzimamzima mpaka juu ya mvule, akamweka mbele ya mke na watoto, mguu juu yake.

"Leo umekwisha, mwongo mkubwa!"

"Shikamoo, Bwana Kozi. Shikamoo, Bi Shungi."

"Marahaba," wakajibu wote wawili.

"Uliniambia mgeni anaongea!" Kozi akanguruma. "Ni wewe uliyekuwa unalia!"

"Ni mimi," akasema Pugi.

"Umekiri?"

"Nimekiri, Bwana. Mgeni haongei, ataongeaje na hana mdomo? Lakini nikuulize. Njiwa aliye chini ya kucha zako akikwambia, 'Usinile, mimi kooni nina ugonjwa,' ungemjibuje?"

"Ningesema anatafuta njia ya kuponea."

"Basi ndiyo maana nikamtafutia huyo mgeni sauti."

Kozi akapepesa macho. "Kwa hiyo ugonjwa ni kweli?"

"Kweli tupu. Sisi tunauchukua kwa mama. Mama yangu alinilisha uji wa kooni mwake, nao ukapita humo. Kwetu ni mpangaji mpole, halipi kodi, hagombani. Akifika kwenu ndipo anavunja nyumba."

"Panua mdomo nimwone," akasema Bi Shungi.

Pugi akapanua. Bi Shungi akachungulia kwa jicho moja, kisha la pili. Kozi naye akachungulia. Koo la Pugi lilikuwa safi, la waridi, halina hata doa.

"Hamna kitu!" akafoka Kozi. "Koo safi!"

"Ndiyo, Bwana. Nimekwambia ni mdogo kuliko vumbi. Kwetu haonekani."

"Sasa yumo au hayumo?"

"Yumo."

"Na nitajuaje?"

"Nimeze," akasema Pugi, "ndiyo utajua."

Kozi akamsogezea Pugi jicho moja.

"Na nikikumeza nikakuta hayumo?"

"Utakuwa umeshiba."

"Na akiwemo?"

"Hilo unalijua kuliko mimi."

Kozi akamgeukia mkewe. Akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu. "Mama Ukucha, umehangaika sana na nyumba hii. Umewinda, umeuguza. Leo haki ya baba nakupa wewe. Kifuko cha koo, karibu."

"Mimi?" Bi Shungi akarudi nyuma hatua. "Mimi nani nivunje desturi ya babu yako? Kula wewe, mume wangu."

"Nimekupa kwa moyo mmoja."

"Nami nakurudishia kwa moyo mmoja."

"Basi tutupe kifuko, tule nyama tu," akasema Kozi.

Bi Shungi akamtazama Ukucha, jinsi alivyokodoa macho, mdomo wazi, anangoja. "Umchanie wewe," akasema polepole. "Umtie mdomoni mwanao, kwa mdomo wako. Mimi siwezi."

Kozi akaitazama ile shingo ya mtoto. Akamtazama Pugi. Anasema kweli, au uongo mwingine umevaa nguo za kweli? Aligeuza kichwa huku na huku. Mimi mwenyewe ninayewasimulia sijui kama siku ile Pugi alikuwa na kitu kooni au hakuwa nacho, kwa hiyo msiniulize. Kozi alisimama mguu wake umemkanyaga mpaka ukafa ganzi. Kisha akainua ukucha mmoja. Akainua wa pili. Wa tatu na wa nne zikafuata zenyewe.

Pugi hakuruka kwa pupa. Alijipukuta, akasema, "Kwaherini, wazee wangu. Panya wamehamia kwenye mashina ya mitende michanga kule ng'ambo, wengi sana," kisha prrr, akaenda kwa wanawe.

Kozi akaruka ng'ambo. Kweli, panya walikuwepo, wakatosha watoto watatu mpaka mvua.

Jioni ya siku ile ile Mwewe alipita, akamkuta Kozi anatafuna mkia wa panya.

"Nasikia ulimkamata Pugi, ukamwachia. Alikwambia nini?"

"Aliniambia kweli."

"Kweli gani?"

Kozi akatafuna, akatafuna. "Sijui," akasema.

Mdogo hana haja ya kukupiga. Akishakutia shaka, mkono wako mwenyewe utamfungulia.